Zoom H1n kwa msanii wa Arusha: vichekesho, maonyesho na muziki wa chumbani

Zoom H1n ni kinasa sauti cha mkononi kilichotoka mwaka 2018 kuchukua nafasi ya H1 ya 2010. Ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa kama dola 120. Kwa msanii wa Arusha anayeigiza vichekesho, anayeandaa kazi za maonyesho na anayerekodi nyimbo zake mwenyewe chumbani, hiki ni kifaa cha kununua, kwa sharti moja: ajifunze kuzima yale ambayo kifaa kinataka kumfanyia. Ukikiachia kijipangie chenyewe, kitakupa sauti isiyopishana sana na ya simu. Ukikishika sawasawa, rekodi yake inapita redioni bila mtu kuuliza ilifanyikia studio gani.

Mwili ni wa plastiki na ni mwepesi sana. Kileleni kuna maiki mbili zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90 ndani ya kizimba kidogo, na karibu yake kuna gurudumu la kupandisha na kushusha sauti inayoingia, lenye namba 0 hadi 10. Chini ya kioo kuna kitufe kikubwa cha kurekodi na vitufe vinne vya haraka: cha kukata sauti nzito za chini, cha limita (inayozuia sauti isizidi kipimo), cha kupanga kiwango chenyewe, na cha kuchagua aina ya faili. Ubavuni kuna tundu la maiki ya nje, tundu la hedfoni, yote ya milimita 3.5, mlango wa micro-USB na nafasi ya kadi. Mgongoni kuna tundu la skrubu la robo inchi, lile lile linaloingia kwenye stendi za kamera na kwenye vijiti vingi vya selfi vyenye miguu mitatu. Hilo tundu lina maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu plastiki hii inapeleka kila mguso wa kidole moja kwa moja kwenye maiki. Usirekodi ukiwa umekishika. Kifunge kwenye stendi, na kama huna, kilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, mbali na meza yenye feni au kompyuta.

Kadi inayokubalika ni microSD isiyozidi GB 32. Faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya biti 24 na kilohezi 48 inakula takribani GB 1 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba kama saa 30. Faili ikifika GB 2 kifaa kinaanza nyingine chenyewe bila kukata. Ukifika kwenye kompyuta unaziunga tu. Shida kubwa ni kadi feki. Kadi imeandikwa 32 ila ndani ina 4 au 8, na inaendelea kupokea faili kana kwamba hakuna tatizo mpaka siku unafungua kazi ya jioni nzima na haifunguki. Kabla ya kuiamini, ijaze kadi yote kwa faili za video, itoe, irudishe, kisha fungua zile za mwisho kabisa. Zikicheza, iformati ndani ya kinasa chenyewe, si kwenye simu, ndipo uanze kazi.

Tuanze na vichekesho, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea. Waliokua wakitazama Ze Comedy ya EATV, na baadaye Orijino Komedi ya TBC1, wanajua kwamba kinachochekesha mara nyingi ni kimya kidogo kabla ya neno la mwisho. Kimya hicho ndicho kinachouawa na kitufe cha kupanga kiwango chenyewe. Mchezaji anaposema kwa sauti ya kawaida, kifaa kinapandisha. Ukumbi ukilipuka kwa kicheko, kinashusha ghafla. Kicheko kikiisha, kinachukua muda kurudi juu, na katika muda huo mchezaji ameshasema mstari unaofuata kwa sauti ya chini. Matokeo yake msikilizaji anasikia kicheko kikubwa, halafu mnong'ono uliomezwa, halafu sauti ya feni inapanda pale ambapo palitakiwa kuwa kimya. Huwezi kulirekebisha hilo baadaye, kwa sababu kupanda na kushuka kumeshachapwa ndani ya faili.

Kwa hiyo zima upangaji huo. Weka WAV ya biti 24, kilohezi 48. Mwambie mchezaji aseme mstari wake wa sauti ya juu kuliko yote, na zungusha gurudumu mpaka kilele cha maneno kisimame karibu na desibeli 20 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo kwenye kioo. Utaona kama ni kidogo mno, kiache hivyo. Nafasi iliyobaki juu ni ya kicheko, na biti 24 zinakuruhusu kuipandisha sauti baadaye bila kuharibika. Limita iwashe kama ulinzi wa mwisho, ila usiitegemee: sauti inayozidi desibeli 120 kwenye maiki zenyewe inapasuka kabla limita haijaiona. Kinasa kikae mbele ya mchezaji kwa mita 1 hadi 1.5, watazamaji wakiwa nyuma ya kinasa, ili kicheko kiingie kikiwa cha pili na maneno yawe ya kwanza.

Ukipiga video kwa simu huku kinasa kikichukua sauti, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Kofi la kwanza linakupa mahali pa kuoanisha, na la pili linakuonyesha kama saa za vifaa viwili zimepishana njiani. Kwa kipande cha dakika tano hakuna tofauti utakayoiona. Kwa onyesho la saa nzima midomo inaanza kuachana na maneno, na dawa yake ni kukata sauti katika vipande na kuoanisha kila kimoja.

Wapo wanaopenda kuweka maiki ya kifuani kwa mchezaji na kinasa mfukoni mwake. Inawezekana, kwa kuwa tundu la maiki linatoa umeme mdogo wa volti 2.5 unaotosha maiki hizo. Angalia tu plagi. Maiki nyingi za kifuani zinazouzwa madukani ni za simu, na plagi yake ina pete tatu nyeusi. Kinasa kinataka plagi ya pete mbili. Ukiichomeka ya simu moja kwa moja, mara nyingi hupati sauti, au unapata mvumo mtupu; kuna kiunganishi kidogo cha kubadilisha, kinunue pamoja na maiki. Ukichomeka chochote kwenye tundu hilo, maiki za juu zinazima, usitegemee zote mbili. Na kabla ya kinasa kuingia mfukoni, sukuma swichi ya kufunga vitufe, vinginevyo paja la mchezaji litasimamisha rekodi katikati ya onyesho.

Muziki wa nyumbani ndio uwanja wake. Gitaa la mbao: weka kinasa sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, kikielekea pale shingo inapokutana na mwili, au freti ya 12, wala si kwenye shimo. Shimo linatoa mvumo mzito unaofunika nyuzi nyembamba, na watu wengi wanakuja kulaumu kifaa kumbe ni pale kilipoelekezwa. Sauti ya mtu: sentimita 20 hadi 25, kinasa kikiwa pembeni kidogo ya mdomo kikitazama kona yake, ili pumzi ya herufi "p" na "b" ipite kando. Soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya hanga ya waya iliyokunjwa duara, ikakaa katikati ya mdomo na kinasa, inamaliza kazi hiyo kwa gharama ndogo sana. Ngoma: rudi nyuma mita 1.5 hadi 2, kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri.

Umbali ndio kila kitu hapa, na sababu ni hii. Maiki za H1n zina mchemko wake wa ndani, "shhh" isiyobadilika hata ufanyeje. Kila unaposogea nusu ya umbali, sauti yako inaongezeka kama desibeli 6 huku mchemko ukibaki palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 30 unapata 6; kutoka 30 hadi 15 unapata 6 nyingine. Hakuna programu ya kusafisha itakayokupa kitu kizuri kama hicho. Anayesema H1n ina kelele, mwulize alikuwa mbali kiasi gani na mdomo.

Arusha ndiyo iliyotoa X Plastaz, kundi lililounganisha rap na uimbaji wa Kimaasai, na bado kuna vijana wanaotaka kuchukua uimbaji huo kwa ajili ya midundo ya nyimbo zao. Kwa kazi hii maiki mbili zilizopishana zinafanya vizuri kuliko maiki moja ya bei mara tatu. Waimbaji wapange nusu duara, kinasa katikati, mita 2 kutoka kwa kila mmoja, kimeinuliwa juu kidogo ya vichwa na kuinamishwa. Olaranyani, yule anayeongoza wimbo, asogee hatua moja mbele ya wenzake. Kisha zima kabisa kitufe cha kukata sauti za chini. Kina hatua za hezi 80, 120 na 160, na ile miguno mizito ya wanaume inayoshika wimbo mzima iko chini kabisa huko; ukiweka 120 au 160 utabaki na wimbo usio na miguu. Kitufe hicho ni cha upepo na mtikisiko wa barabara. Ukilazimika kabisa, ishia 80.

Kuna faida nyingine ya maiki hizi ambayo haisemwi vya kutosha. Kwa kuwa ziko mahali pamoja, sauti inafika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Ukiunganisha kushoto na kulia kuwa kimoja, hakuna kinachofutana. Msikilizaji wetu anasikiliza kwa spika moja ya simu, au kwenye daladala ambayo spika ya upande mmoja imekufa. Rekodi ya maiki mbili zilizotawanywa chumbani inaweza kupoteza besi yote ikifika huko. Hii haipotezi.

Kuna kazi ya kuongeza tabaka: unacheza faili ya gitaa kwenye hedfoni huku ukiimba juu yake, na kifaa kinachanganya vyote kuwa faili moja. Kwa kuhifadhi wazo la wimbo lisipotee, hakuna kinachoshinda hapo. Kwa wimbo wa kutoa, hapana. Tabaka likishachanganyika halichomoki, na mchemko nao unajumlishwa: tabaka nne za kiwango kimoja zinaubeba desibeli 6 juu. Rekodi kila chombo kwenye faili yake, zihamishie kompyuta, zipange kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni ya bure. Hapo unaweza kupunguza mchemko kwa kuionyesha programu sekunde chache za chumba kitupu, basi anza kila rekodi kwa sekunde tano za kukaa kimya. Usipunguze zaidi ya desibeli 6 hadi 9. Ukizidisha, sauti ya mtu inaanza kusikika kana kwamba inatokea ndani ya bomba la maji.

Chumba nacho ni sehemu ya kifaa. Kuta za saruji zilizopakwa rangi ya mafuta zinarudisha kila neno. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya kinasa kama wengi wanavyofanya, kwa sababu maiki zinamtazama mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Shuka nzito za Kimaasai mbili au tatu zilizotundikwa kwa mikunjo zinasaidia kwa sauti kali, ila hazigusi mvumo wa chini. Mabati yasiyo na dari yanatoa milio midogo jua linapowaka na linapozama, kwa vile yanatanuka na kusinyaa, na milio hiyo inaingia kwenye rekodi kama kasoro ya kadi. Mvua ya masika ikishuka juu yake, ahirisha. Kama ni Sakina au Ngarenaro kando ya barabara, bodaboda hazina dawa zaidi ya saa: asubuhi mapema kabla ya magari, ukishajua ratiba ya adhana na ya majogoo wa jirani. Friji izimwe, na ufunguo wa nyumba uweke juu yake ili usisahau kuiwasha unapotoka.

Kwa kazi za maonyesho, H1n ni daftari. Kuna wachoraji na wachongaji wanaoweka sauti ndani ya kazi zao: kelele za Soko la Kilombero, maji ya Mto Themi, wapiga debe wa stendi. Washa kazi ya kurekodi kabla, ambayo inakuhifadhia sekunde 2 za kabla hujabonyeza kitufe. Kwa sauti za mtaani zisizorudi mara ya pili, inaokoa mengi. Nje, vaa kinasa kofia ya manyoya. Maiki hizi ziko uchi, na hata upepo wa kawaida wa Julai unazigeuza ngurumo. Sponji peke yake inatosha ndani ya nyumba yenye feni, nje haitoshi. Sokoni watu wenye sauti zinazotambulika waombwe ruhusa kwanza, hasa kama kazi itatundikwa mbele ya wageni.

Ukifika kwenye ukumbi wa maonyesho usikiache kinasa chenyewe kicheze. Hamishia kazi kwenye flashi na spika ndogo inayojirudia, kifaa chako kibaki na wewe. Ila faili isiwe MP3 ikiwa sauti inatakiwa kuzunguka bila mshono: utengenezaji wa MP3 unaongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, na mtazamaji anasikia kazi ikikatika kila inaporudi. Tumia WAV. Spika nyingi za bei nafuu zenyewe zinakawia kidogo kabla ya kurudia, kwa hiyo tengeneza faili ndefu ya dakika 40 au zaidi, na mahali pa mkato pawe penye kitu kisicho na mdundo, kama maji au umati. Kwenye ukumbi wenye sakafu ngumu, shusha spika karibu na kazi yenyewe na upunguze sauti. Ukiongeza, mwangwi unakula maneno.

Umeme si tatizo kubwa, na hii ni sababu nzuri ya kukichagua mahali ambapo rekodi ya kompyuta inakatika pamoja na taa. Kinatumia betri mbili za AAA, zile za rimoti, na kiwanda kinataja hadi saa 10. Hizo ni betri za alkalaini. Zile za bei ya chini kabisa zinakufa mapema zaidi, tena ghafla. Betri za kuchaji za Ni-MH ndizo za kununua, jozi mbili. Pawabenki inaweza kukiendesha kupitia micro-USB, ila pawabenki nyingi zinajizima zikiona kifaa kinakula umeme mdogo, hivyo acha betri nzima ndani hata ukiwa umechomeka waya.

Nani asinunue? Anayerekodi sauti yake tu juu ya midundo ya bongo fleva, siku zote chumba kilekile. Huyo achukue kadi ya sauti ya USB na maiki ya kuimbia kama Shure SM58, ambayo H1n haiwezi kuipokea moja kwa moja kwa kuwa haina tundu la XLR, lile kubwa la pini tatu. H1n inaweza kutumika kama maiki ya USB ya kompyuta, lakini kwa biti 16 tu, kwa hiyo inafaa mikutano na podikasti zaidi ya albamu. Mwenye fedha ya kuongeza atazame H1essential ya 2024, inayorekodi biti 32 za aina ya floti: haina gurudumu la kiwango, na sauti iliyozidi inaweza kushushwa baadaye ikarudi safi, mradi maiki zenyewe hazikuzidiwa. Ina USB-C na inakubali kadi kubwa zaidi. Kwa mtu wa vichekesho hasa, tofauti hiyo inalipa.

Ukiipata H1n iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, nenda na betri zako, kadi yako na hedfoni zako. Fungua mlango wa betri utazame kama chuma kina ukungu wa kijani au kutu. Rekodi sekunde 30 huku ukizungusha gurudumu polepole kutoka 0 hadi 10. Mikwaruzo ikisikika, gurudumu limechoka. Pitisha kidole taratibu juu ya kila maiki kwa zamu, uhakikishe moja inasikika kushoto na nyingine kulia. Mwisho chomeka waya wa USB kwenye kompyuta na uutikise kidogo: faili zikipotea na kurudi, mlango umelegea, na bei ishuke au urudi nyumbani na fedha yako.